Kiu Haimtoi Panya Nje

Ukipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hutakosa kumkuta muuza dawa ya panya. Kipaza sauti chake cha betri kinarudia maneno aliyoyarekodi mwenyewe, na juu ya boksi lililofunguliwa amepanga mizoga ya panya, mikavu, mikia imekakamaa, meno nje. Mizoga hiyo ndiyo ushahidi wake. Panya akila dawa hii, anasema, kiu inamkamata. Anatoka mbio kutafuta maji, anafia hukohuko nje, haozi wala hanuki, anakauka. Watu wanasimama, wanatazama mizoga, wananunua pakiti mbilimbili na kuondoka.

Imani hiyo haikuanzia kwenye kipaza sauti na haiishii hapo. Utaisikia kwa mwalimu, kwa mhasibu, kwa mama ntilie, hata kwa fundi aliyeitwa kubomoa dari ili atafute mzoga. Watu wazima wenye akili zao timamu hufunika ndoo zote usiku wa kutega dawa, humwaga maji ya beseni, hukausha sinki kwa kitambaa, kisha huweka kopo la maji uani ili panya awe na pa kwenda. Nasema wazi kwamba kazi yote hiyo ni bure. Kiu haimtoi panya nje ya nyumba yako. Na kukausha nyumba usiku wa dawa kunaharibu hata kazi ya dawa uliyoitolea pesa.

Tuanze na dawa yenyewe. Sehemu kubwa ya dawa za panya za majumbani zinazouzwa kihalali duniani ni za ukoo mmoja, ule unaozuia damu kuganda. Kisa chake kinaanzia kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walipoteza mifugo iliyolishwa majani ya klova yaliyovunda. Ng'ombe akikatwa pembe au akihasiwa, damu haikukoma. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri kwenye theluji na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, akamfikishia mkemia Karl Paul Link katika chuo kikuu cha jimbo hilo. Utafiti ulioanzia kwenye kopo lile ndio uliozaa warfarini, ambayo ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Bromadioloni na brodifakumu, ambazo leo zimejaa kwenye maduka ya pembejeo, zilifuata njia hiyohiyo.

Warfarini ni dawa ya binadamu pia, tangu miaka ya 1950. Wapo Watanzania waliowekewa valvu bandia za moyo wanaoimeza kila siku na kurudi kliniki kupimwa damu. Mtafute mmoja umuulize kama inamwamsha usiku kukimbilia mtungi. Dawa hii inauzuia mwili kuitumia tena vitamini K, na ini lisipokuwa na vitamini hiyo haliwezi kutengeneza sawasawa vitu vinavyogandisha damu. Mfumo wa kiu haumo katika shughuli hiyo. Panya aliyekula kiasi cha kumuua huvuja damu ndani kwa ndani, na hafi siku hiyo. Kwa kawaida hufa kati ya siku ya tatu na ya saba.

Najua jibu litakalokuja: aliyepoteza damu nyingi huhisi kiu. Ni kweli, muuguzi yeyote wa chumba cha dharura ameliona hilo. Lakini mwili uliopoteza damu hauna nguvu ya safari. Panya aliyefikia hatua hiyo amelegea, anahisi baridi, manyoya yamemsimama, anatembea kwa kuyumba. Na mnyama mdogo anayewindwa na paka, bundi, nyoka na binadamu akiugua hujificha. Hurudi kwenye kiota chake, mahali penye giza na joto anapopafahamu. Kiota hicho kipo kati ya dari na bati, juu ya kitanda chako.

Haya, tukubali kwamba kiu imemkamata kweli. Kwa nini aende nje? Panya anayeishi nyumbani kwako alishapata maji siku nyingi, la sivyo asingekuwa mkazi. Panya wa mitaroni aliyekomaa, mwenye gramu 300 hivi, akilishwa chakula kikavu hunywa takriban mililita 30 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Panya wa darini ni mdogo zaidi na hutosheka na pungufu ya hapo. Sasa ingia jikoni saa saba usiku, taa zimezimwa. Bomba lina tone. Nyuma ya friji kuna trei inayokusanya maji ya barafu iliyoyeyuka, na wengi wetu hatujawahi kuivuta tukaitazama. Bafuni sakafu haijakauka. Kwenye tenga kuna nyanya, na zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji. Na juu ya yote kuna lile sufuria la ugali lililolowekwa tangu jioni ili ukoko ulainike, ambamo panya anapata chakula na kinywaji kwa mkao mmoja. Mtu amefunika ndoo nne kwa uangalifu mkubwa, sufuria ameliacha wazi.

Hata maji yakipungua, mwili wa panya haumwagi ovyo kidogo anachokipata. Figo zake zinaweza kukamua mkojo ukawa mzito zaidi ya mara mbili kuliko ule mzito kabisa ambao figo za binadamu zinaweza kutoa. Hatoki jasho mwili mzima kama sisi: tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo tu, na joto la ziada hulitoa kwa mkia usio na manyoya. Mchana wa jua kali amelala kivulini, hutoka usiku hewa ikipoa. Tena chakula kikavu anachokula kinampa maji kikishachomwa mwilini, kwani gramu moja ya wanga huacha karibu gramu 0.6 ya maji. Katika majangwa ya Amerika Kaskazini yupo mnyama wa kabila la wagugunaji anayeruka kwa miguu miwili, ambaye wanasayansi Knut na Bodil Schmidt-Nielsen walimchunguza katika miaka ya 1940 na 1950. Walionyesha kwamba anaishi kwa mbegu kavu bila kunywa hata tone. Panya wetu wa majumbani hafikii uhodari huo. Ukimfungia kwenye tundu na punje kavu bila maji atadhoofika upesi. Lakini nyumba yako si tundu, na kopo uliloweka uani si kisima pekee alichobakiza.

Hapa ndipo penye hasara ambayo wengi hawaijui. Panya akikosa maji hupunguza kula chakula kikavu. Jambo hili limeonekana katika maabara kwa miongo mingi, halina ubishi. Kusaga chakula kikavu tumboni na kutoa taka zake kwa mkojo kunahitaji maji, kwa hiyo mwili unaokosa maji hujizuia kula. Na chambo ulichonunua ni nini? Ni nafaka kavu iliyochanganywa na sumu, au kipande kigumu cha nta na nafaka. Ukikausha nyumba usiku huohuo, unampunguzia panya hamu ya kitu kilekile unachotaka akile. Ataonja kidogo na kuacha. Dawa za kuzuia damu kuganda, hasa zile za zamani, zinahitaji ale kwa siku kadhaa mfululizo. Akionja na kuacha, anapona.

Sumu kali zinazoua kwa saa chache zina taabu nyingine. Panya hawezi kutapika. Huenda ndiyo sababu anakiogopa kitu chochote kigeni kilichowekwa kwenye njia yake, na anakionja kwa ncha ya ulimi kwanza. Akiumwa tumbo baada ya kuonja, hatakigusa tena chakula chenye ladha ile. Warfarini ilileta mapinduzi kwa sababu hiyohiyo: maumivu huja siku kadhaa baadaye, na panya hajui yametoka wapi. Hivyo anayetaka chambo kiliwe na amnyime panya chakula kingine. Mchele uingie kwenye ndoo yenye mfuniko, unga vilevile, sufuria lioshwe kabla ya kulala, ndoo ya taka isibaki wazi. Panya mwenye njaa hupunguza woga wa kitu kigeni. Maji ya usiku huo mwachie.

Imani hii inadumu kwa sababu watu wameona kwa macho yao panya aliyekufa karibu na karo la uani, na mimi sibishani na macho ya mtu. Panya aliyekula sumu ya polepole, katika siku zake za mwisho, huweza kupoteza hadhari. Anaonekana mchana, anatembea katikati ya sakafu badala ya kuambaa ukutani, na wachache hufia mahali pa wazi. Wapo pia panya wanyonge wanaofukuzwa na wakubwa wao kwenye chakula usiku, wakalazimika kutoka mchana hata bila ya kula sumu yoyote. Huyo aliyefia karoni ndiye anayesimuliwa mtaa mzima. Waliofia ndani ya ukuta na chini ya kabati hakuna aliyewahesabu.

Hao hujitangaza wenyewe siku ya pili au ya tatu. Karibu theluthi mbili za mwili wa panya ni maji, na hakuna sumu inayoyafuta maji hayo mnyama akishakufa. Mwezi Machi Dar es Salaam, chini ya bati lenye moto, harufu inashuka chumbani kabla hujamaliza kujisifu kwamba kelele za darini zimekwisha. Nzi wa kijani wanafuata. Halafu funza wanaanza kudondoka kupitia tundu la waya wa taa, mmoja mmoja, juu ya shuka. Fundi akiitwa, hajui akate kipande gani cha jipsamu, anapiga dari kwa vidole akisikiliza na kunusa. Mizoga mikavu ya muuza dawa haithibitishi kitu. Mnyama yeyote mdogo akianikwa kwenye jua na upepo hukauka, awe ameuawa kwa sumu, kwa mtego au kwa rungu.

Harufu ingekuwa hasara pekee, nisingeandika kwa ukali huu. Mtu anayeamini kwamba panya ataondoka kwenda kufia nje hutega sumu popote, kwa sababu akilini mwake sumu nayo itaondoka na panya. Anainyunyiza chini ya meza ya chakula. Anaipaka kwenye kipande cha samaki au cha mkate na kukiacha sakafuni, kwenye kimo cha mtoto anayetambaa. Pakiti za mitaani nyingi hazina jina la sumu, hazina kipimo, hazina namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mnunuzi hajui kama ameshika sumu ya kuzuia damu kuganda au kiuatilifu cha shambani kinachoshambulia neva. Huko Naledi, Soweto, Oktoba 2024, watoto sita walikufa, na wachunguzi wakakuta ni terbufosi, kiuatilifu cha mashambani ambacho katika vitongoji vya Afrika Kusini kilikuwa kikiuzwa mitaani kama dawa ya panya. Wakazi wale walikuwa na shida ileile tuliyonayo sisi: takataka zisizozolewa, panya wengi, na pakiti ya bei nafuu isiyo na jina.

Mtoto akila dawa ya panya, usipoteze muda kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hizi. Mkimbize hospitali, na ubebe pakiti au hata kipande chake, kwa sababu daktari akijua ni sumu ya kuzuia damu kuganda atampa vitamini K, na ikiwa ni sumu nyingine matibabu ni mengine kabisa. Dalili za sumu ya kuzuia damu kuganda huchelewa siku kadhaa, hivyo mtoto anayecheza vizuri leo jioni bado hajapona.

Paka na bundi nao wanalipa. Brodifakumu hukaa kwenye ini la panya kwa muda mrefu, na anayemla panya huyo anaila sumu pamoja naye. Panya aliyelegea anayeyumba mchana ndiye rahisi kukamatwa. Mwenye nyumba anampoteza paka aliyekuwa akimsaidia bure, kisha anarudi Kariakoo kununua pakiti nyingine.

Na wale wa Lushoto wananielewa nikitaja viroboto na tauni wanayoieneza. Tauni iliingia wilayani humo mwaka 1980 na kurudi tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Kiroboto humhama panya aliyekufa mwili wake unapopoa, akatafuta damu yenye joto iliyo karibu. Mahali penye tauni, kuua panya ndani ya nyumba bila kwanza kushughulikia viroboto ni kuwafungulia viroboto mlango waende kwa watu waliolala chini ya dari ileile. Hapo uongo wa kwamba panya hufia mbali unaweza kuua mtu.

Sisemi kwamba njaa na kiu havimwathiri panya. Vinamwathiri sana, ila si kwa namna tunayosimuliana. Katika miaka ya 1940 mji wa Baltimore, Marekani, ulikuwa na vita vikali dhidi ya panya. Walitega sumu kwa wingi, panya wakapungua, na baada ya miezi wakarudi katika idadi ileile. David Davis, mtafiti wa Johns Hopkins, aligundua kwamba mtaa una nafasi ya panya wa idadi fulani, inayopangwa na chakula na maficho. Ukiua nusu yao, waliobaki wanapata chakula cha kutosha, majike wanabeba mimba zaidi, watoto wanapona zaidi. Mimba ya panya ni wiki tatu na siku chache. Ukipunguza taka na maficho, hesabu yenyewe inashuka na kubaki chini. Aliona pia kwamba panya wa mjini hasafiri mbali, hata barabara ya kawaida hupenda kutoivuka. Kwa hiyo panya aliyekosa chakula kwako hahami kwenda porini. Anahamia kwa jirani wa ukuta mmoja, na jirani akizembea atarudi kukusalimia.

Njaa inapombana panya jike, mwili wake husimamisha uzazi kwanza. Joto la kupandwa linakatika, na mimba changa huweza kufyonzwa tumboni. Akiwa na vichanga na maziwa yamekauka, huweza kuwala. Wanyonge wa kundi hufukuzwa kwenye chakula na kufa mapema. Mambo haya hayaonekani kwa macho, hayana mzoga wa kupanga juu ya boksi, na yanachukua miezi. Ndiyo maana hayana mnadi.

Shambani ni vilevile. Wakulima wengi wanaamini kiangazi kirefu kimewamaliza panya shamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamewafuatilia panya hao kwa miongo kadhaa, wakiwatega na kuwaachia tena, na wanachokiona ni kwamba ukame hupunguza idadi na kukatisha uzazi, lakini wachache hubaki. Mvua ikinyesha na majani mabichi yakichipua, jike mmoja huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo. Mwaka ambao mvua za vuli zinawahi na kuwa nyingi ndio mwaka wa kuogopa, na anayesubiri hadi aone mbegu zake za mahindi zimefukuliwa amechelewa.

Kukausha nyumba kwa usiku mmoja ili umsukume panya nje, na kuziba uvujaji moja kwa moja ili nyumba isiweze kulea panya wengi, ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni ushirikina. La pili ni kazi, tena ya wengi, na hapo ndipo ninapotaka kuwageukia wenye nyumba za kupangisha. Katika nyumba yenye vyumba sita, choo kimoja na karo moja, mpangaji anaweza kufunika unga wake na kuosha sufuria lake kila usiku. Hawezi kuziba tundu la ukutani linaloingiza bomba, hawezi kuweka wavu kwenye mdomo wa mtaro wala kupandisha dari iliyoachana na ukuta. Hana ruhusa, na akitumia hela zake hatakatiwa kwenye kodi. Anachoweza ni kununua pakiti. Halmashauri nayo inakusanya ushuru wa soko kila asubuhi na kuacha lundo la nyanya zilizooza na maganda ya mihogo mpaka kesho yake, mita chache kutoka kwenye nyumba hizohizo. Koki ya karo inayodondoka usiku kucha inahitaji washa mpya na nusu saa ya fundi bomba. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo hana kisingizio cha kuiacha idondoke mpaka mkataba wa mpangaji uishe.